Nani Mvamizi wa Mto?

Msomaji mwenzangu, naomba nianze na swali, na ukiweza ulijibu kabla hujaendelea kusoma. Fundi cherehani akimshonea mtu suti, mtu yule akaivaa kwenda kumtapeli mjane, je, fundi ana kosa? Pale kijiweni kwetu wengi walisema hana. Kazi ya fundi ni kushona. Akianza kuwauliza wateja wake suti wanaipeleka wapi, atakufa njaa yeye na wanawe.

Haya, sasa ondoa suti, weka hotuba. Ondoa fundi, niweke mimi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, na matokeo yangu tuyaache hapo yalipo. Ninaandika riwaya. Iko kwenye kaunta buku mbili, imefika sura ya tano na hapo imegoma kama lori bovu kwenye mlima wa Kitonga. Kati ya yote niliyowahi kuandika, kilichoniletea fedha mpaka leo ni kitu kimoja tu: hotuba ya kurasa tatu niliyomwandikia mgombea uenyekiti wa mtaa mwaka 2024. Nililipwa shilingi elfu thelathini. Nilinunua kaunta buku ya tatu, viatu vya mtumba, na nusu kilo ya nyama tuliyoila nyumbani siku ile ile. Nataka kueleza hotuba ile ilifanya kazi gani, maana tangu hapo sura ya sita haiandikiki.

Mji wetu ni Morogoro, ule ambao wenyeji tunauita kwa majigambo mji kasoro bahari, yaani kila kitu tunacho ila bahari tu. Mtaa wenyewe sitautaja, wala kijito kinachopita katikati yake. Nikikitaja kijito mtaa utajulikana, mtaa ukijulikana mtu atajulikana, nami sikuja hapa kumshtaki mtu. Inatosha kujua kwamba kijito chetu kinateremka kutoka milima ya Uluguru, ile inayousimamia mji kama ukuta. Asubuhi ya hali nzuri unaiona Lupanga yote, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na wingu limejifunga kichwani kama kilemba. Huko juu maji ni maangavu, unahesabu kokoto. Yakifika kwetu yamekuwa kama chai ya rangi, na kiangazi yakipungua utahesabu vitu vingine: chupa, pampasi, ndala za mguu mmoja, vile vifungashio vyepesi ambavyo vimebaki ingawa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Taka zetu zilikuwa na utaratibu wake. Kila nyumba ilitakiwa kutoa shilingi elfu mbili kwa mwezi ili gari lipite. Gari kweli lilikuwa linapita, lakini barabara kubwa. Kwenye vichochoro vyetu haliingii, kwa hiyo ubebe kiroba chako ukalisubiri, siku usiyoijua na saa usiyoijua, kama mtu anayesubiri kiama. Akatokea kijana mwenye guta, akawa anachukua kiroba kwa shilingi mia tano. Huyo tulimpenda. Baadaye tukagundua kwamba alikuwa anakwenda kumwaga kijitoni, mita kama mia mbili chini yetu. Tukacheka, tukaendelea kumpa.

Lakini njia kuu ilikuwa mvua. Anayeishi kwenye mitaa ya mabondeni ananielewa. Wingu likitanda juu ya mlima, kila nyumba inajiandaa. Mvua ikishika kasi na kijito kikianza kunguruma, milango inafunguliwa mmoja mmoja, watu wanatoka wamejifunika kanga au wamevaa salfeti kichwani, kila mmoja na kiroba chake. Hakuna anayemsalimia mwenzake. Unatupa, maji yanabeba, unarudi ndani umelowa lakini nyumba safi. Nami nisijifanye malaika. Tangu nina miaka kumi kazi hiyo kwetu ilikuwa yangu. Siku nyingine nilikuwa naifurahia, nikisimama pale ukingoni kuangalia kiroba kinavyozunguka mara mbili kabla ya kumezwa.

Basi, mwaka 2024 tukaingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwanzoni mwa mwaka ule, mvua za El Niño zilizoanzia mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimekijaza kijito kikatuingilia majumbani. Takataka zetu wenyewe zilirudi zikalala vitandani. Watu walikuwa na hasira. Mgombea mmoja akaona kwamba ajenda ya mwaka ni mazingira, na usiku mmoja akaja kwetu. Ni mtu mzima, rika la baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akageuza ndoo akaikalia.

"Nasikia wewe ni mwandishi."

"Najaribu, mzee."

"Basi nijaribie na mimi. Nataka hotuba ya mazingira. Watu wamechoshwa na uchafu. Ila angalia, bwana mdogo, usinigombanishe na wapiga kura."

Sentensi hiyo ya mwisho sikuitilia maanani usiku ule. Niliichukua kama maelekezo ya kawaida ya mteja kwa fundi: mfuko mmoja, vifungo vitatu, usinibane kwapani. Nilipokaa kuandika ndipo nilipoona ugumu wake. Mto unachafuliwa. Nani anauchafua? Wanaotupa taka. Nani anatupa taka? Mtaa mzima. Nani anapiga kura? Mtaa huo huo! Kila nilipoandika neno "sisi", nilimwona mgombea wangu anapoteza kura.

Na mimi, kama ujuavyo, najifunza riwaya. Kitu cha kwanza nilichojifundisha ni kwamba hadithi bila adui imepooza. Nikaanza kumtafuta adui. Asiwe tajiri, kwa sababu tajiri wa mtaa ndiye aliyekuwa anakodisha vipaza sauti vya kampeni. Asiwe ofisi yoyote, kwa sababu mgombea alihitaji ofisi hizo kesho yake. Lazima awe mtu anayeonekana pale pale mtoni, mchana kweupe, na wawe wachache.

Walikuwepo. Kando ya kijito, upande wetu, kulikuwa na watu watano wanaolima mboga. Wanawake wanne na mzee mmoja mstaafu. Mchicha, chainizi, matembele, nyanya chungu, kila mmoja na matuta yake sita, saba. Nikakumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nikasema, hawa hapa. Na sheria ninayo. Nikaandika: "Mto huu ni mama yetu, na mama yetu amevamiwa." Nikawaita wavamizi wa mto. Nililirudia neno hilo mara nne katika kurasa tatu, kwa sababu lilikuwa linalia vizuri. Nikaongeza na jingine la kuwatia watu hofu: "Tunakunywa tunachotupa."

Mmoja wa wale wanawake wanne ni mama yangu mdogo, tumbo moja na mama.

Utaniuliza, hukumkumbuka? Nilimkumbuka. Nilipofika kwenye neno wavamizi kalamu ilisimama kidogo, kama punda anayeona kivuli. Nikajiambia, mama mdogo si mvamizi, yeye ana matuta saba tu, watakaoguswa ni wale wakubwa. Wakubwa wapi? Hawakuwepo wakubwa. Lakini nilishaona elfu thelathini, na zaidi ya elfu thelathini nilishaona umati unaitikia maneno yangu. Wewe unayeandika na hujawahi kusomwa na mtu, unaijua njaa hiyo.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na mgombea wangu akashinda. Sisemi alishinda kwa hotuba yangu, maana uchaguzi una mambo mengi. Ila mwaka mpya ulipoingia, katika mkutano wa mtaa chini ya mwembe, alisimama na karatasi zile zile, kona zimeshakunjika, akasoma tena. Alipofika kwenye wavamizi wa mto watu wakanguruma. Mtu akapiga kelele, "Watoke!" Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Mikono ikapanda. Mama mdogo hakuwepo, ilikuwa alasiri, saa za kumwagilia. Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma kwenye mzizi. Mkono wangu ulipanda. Mpaka leo sijui niupandishe kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa sentensi yangu.

Wakapewa siku saba. Siku ya nane wakaja vijana sita na majembe, tunafahamiana wote, mmoja nilikaa naye dawati moja. Siku hiyo nilijitafutia safari ya mjini kutoa fotokopi.

Hapa sina budi kuwa mkweli, la sivyo nitaandika hotuba nyingine. Mama mdogo si malaika wa bustani. Alikuwa anapuliza dawa ya wadudu, na bomba la dawa alikuwa analisuuza pale pale kijitoni. Nilimwona mara nyingi. Matuta yale ya ukingoni yalilegeza udongo, na mvua kubwa ikija unauona umekwenda na maji. Sheria ya mita 60 haikutungwa na wajinga. Mtu akiniambia kwamba kilimo kile kilikuwa kinaumiza mto, sina ubishi naye.

Lakini sikiliza kilichofuata. Bustani zilipong'olewa, ukingo ukabaki mtupu. Kumbe wale watano ndio walikuwa walinzi wetu, na hakuna aliyejua, hata wao wenyewe nadhani hawakujua. Chupa na mifuko ilikuwa inaziba mifereji yao, kwa hiyo kila asubuhi walikuwa wanaiokota, wanaichoma pembeni. Mtu akija na kiroba chake mchana, mama mdogo alikuwa anamtolea maneno ya Kiluguru yasiyotafsirika. Walipoondoka, watu hawakungoja tena mvua. Kabla ya Pasaka ya 2025 pale palikuwa dampo, na mbwa wanalala juu yake. Mwenyekiti hajaisoma tena hotuba.

Kwa miezi miwili sikumwambia mama mdogo. Nilikuwa naenda kwake kama kawaida, nakula ugali wake, sasa na dagaa badala ya mchicha. Siku moja nikashindwa kumeza. Nikamwambia, "Mama mdogo, yale maneno ya mwenyekiti niliandika mimi."

Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Najua, baba. Mwenyekiti hawezi kusema vile."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Ungenirudishia matuta?" Akapeta ungo mara mbili, tatu. "Bibi yako alikuwa anakimbia matuta ya Mzungu kule Matombo. Mie nimekimbizwa kwenye matuta yangu mwenyewe. Ndiyo dunia hiyo. Nipe hilo sufuria."

Habari ya matuta ya Mzungu nilikuwa nimeisikia utotoni kama hadithi tu za bibi. Safari hii nikaitafuta kwa wazee na kwenye vitabu. Kwa kifupi ni hivi. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Udongo ulikuwa unaporomoka, mito inayoteremka tambarare ilikuwa hatarini, na hofu yao haikuwa ya uongo. Dawa waliyoileta ni kuwalazimisha wananchi wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Waluguru waliona kazi ni ya kuvunja mgongo, na tena udongo wa juu wenye rutuba, ambao kule ni mwembamba, ulikuwa unafukiwa na ule wa chini usiozaa kitu unakaa juu. Wakasema lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1955 wakakusanyika Matombo kukataa, ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata wanachama wengi milimani.

Nilipokuwa mwanafunzi habari kama hii ningeifupisha hivi: Mzungu mbaya, mwananchi mzuri, mwisho. Sasa siwezi. Mzungu alikuwa sahihi kuhusu udongo na alikosea kuhusu watu, na kosa lake la pili likaliharibu hata lile alilokuwa sahihi. Linaloninyima usingizi ni tofauti iliyopo kati yao na sisi. Kule Matombo amri ilitoka kwa mgeni, ikaletwa na polisi. Kwetu hakukuwa na mgeni. Tulikaa chini ya mwembe, tukapiga kura kwa mikono yetu, wengi dhidi ya watano, na mmoja wa wale wengi ni mtoto wa dada yake mhukumiwa. Kama wingi wa mikono unatosha kuifanya hukumu iwe ya haki, basi tulitenda haki. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, ndivyo tunavyosema. Sisi tulimnyonga kwa kura, na ile haki hatukukumbuka hata kuuliza iko wapi.

Jioni moja nikafanya jambo la kitoto. Nilikwenda kwenye ukingo wa kijito nikaanza kuhesabu hatua kubwa kubwa, kila moja kama mita, kuja juu mtaani. Hatua ya ishirini na tatu nikagusa choo cha jirani. Hatua ya arobaini na moja nikaingia jikoni kwetu, mama akaniuliza nimechanganyikiwa au vipi. Hatua ya hamsini na sita ilikuwa kwenye uzio wa mwenyekiti. Nikasimama pale. Sheria niliyoitumia kuwaita wale watano wavamizi ilikuwa imetuzunguka sisi sote, nusu ya mtaa, na mwenye hotuba na mwandishi wa hotuba. Tofauti yetu na wale ni kwamba mchicha hung'oka kwa jembe.

Rafiki yangu mmoja wa kijiweni, fundi redio, nilimweleza hili lote. Akaniambia najipa ukubwa nisio nao. "Wewe uliandika tu," akasema. "Hukushika jembe. Angekosa kwako angekwenda kwa mwingine, angeandikiwa vibaya zaidi." Hoja hiyo ina nguvu, na nimeizungusha kichwani usiku mwingi. Lakini naona ina tobo. Fundi wa suti haijui safari ya suti. Mimi niliijua. Nilimtafuta adui kwa makusudi, nikamchagua kwa kipimo cha uchache wake na udhaifu wake, kisha nikampa jina. Kabla yangu mtaa wetu haukuwa na neno wavamizi wa mto. Kulikuwa na wakina mama wa mboga. Vijana sita hawawezi kuamka asubuhi wakaenda kuwang'olea mboga wakina mama wa mboga, ila wavamizi wanaweza kuwang'olea. Jembe ndilo lililokuja mwisho.

Kuna na lile la pili, "Tunakunywa tunachotupa." Neno hili lilipigiwa makofi kuliko yote, na ni uongo. Sikudhamiria kudanganya, nilikuwa sijafikiri tu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji wetu yanatoka bwawa la Mindu, kwenye mto Ngerengere. Vijito vyetu vya mjini vinaingia Ngerengere baada ya bwawa, huko chini. Kwa hiyo sisi tunakunywa kwanza, halafu ndipo tunatupa. Uchafu wetu haurudi kwetu, isipokuwa mwaka wa mafuriko. Unaenda zake na Ngerengere mpaka unaingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoleta maji mengi ya Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Anayekutana na kazi ya kiroba changu, ikiwa imeshachanganyika na kuchakatwa na kutiwa dawa kwa gharama, ni mtu wa Kimara ambaye hajui kama nimezaliwa.

Sasa hapo ndipo swali linapokuwa gumu kweli, na ndipo ninapoomba msaada wako. Kama ningekuwa nakunywa ninachotupa, kuacha kutupa ingekuwa akili ya kawaida tu, si wema.  Lakini kwa nini niache kwa ajili ya mtu wa Kimara? Hanilipi. Hanijui. Na zaidi ya yote, hapigi kura mtaani kwetu. Mwenyekiti wetu anachaguliwa na sisi tunaotupa, wala hachaguliwi na hata mmoja wa wale wanaopokea. Atawezaje kutukemea? "Usinigombanishe na wapiga kura." Mzee wa watu alilisema wazi, tena amekaa kwenye ndoo, nami nikadhani ni maelekezo ya ushonaji! Na sisi nasi tunawalalamikia wa juu yetu, wanaolima miteremkoni na kukata miti, udongo wao ukatujia. Nao hawapigi kura kwetu, wala sisi hatupigi kwao. Maji yanapita kwenye mitaa yote, ila hakuna mtaa ambao wote walioguswa na maji yale wamekaa chini ya mwembe mmoja.

Nadhani ndiyo sababu siasa ya mazingira ya mitaani kwetu inapenda sana kumtafuta mtu mmoja mdogo, muuza mboga, mchoma mkaa, mama ntilie na maji yake machafu. Huyo anapatikana, ana sura, anafukuzika kabla ya jua kuzama, na akifukuzwa tunajisikia wasafi. Anayetafutwa kwa namna hiyo mara nyingi ana kosa kweli, kama mama mdogo na bomba lake la dawa. Kosa lake dogo ndilo linalotusaidia sisi kulala.

Mwezi wa sita nilijiandikisha kuzungumza kwenye mkutano wa mtaa. Niliandaa karatasi. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba wakina mama warudishiwe sehemu, si ukingoni kabisa, wapewe masharti ya dawa, na sisi wengine tulipie guta linalofika dampo halisi badala ya kijitoni. Nilikuwa nimepanga kusema pia kwamba jiko letu liko hatua ya arobaini na moja. Niliposimama, maneno yakawa yanatoka kama ya mtoto wa darasa la pili. Hotuba isiyo na adui haina sauti, jamani, nilikuwa nawaona watu wanaangalia simu. Nilipofika kwenye viroba vya mvua mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kwani kwenu mnatupa wapi?" Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikakaa. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango mzuri, tukaingia ajenda ya ulinzi shirikishi.

Karatasi ile nimeiandika tena mara tatu. Bado haina sauti.

Mama mdogo sasa analima mchicha kwenye viroba nyuma ya nyumba yake. Amejaza udongo, ametoboa pembeni, inaota mpaka inaning'inia. Udongo ananituma mimi nikamletee, na maji ya kumwagilia nachota mimi. Hatujazungumza tena habari ya hotuba. Wiki iliyopita alinipa mafungu mawili nipeleke kwa mwenyekiti, mke wake alikuwa ameagiza. Nilipeleka.

Juzi usiku wingu lilitanda mlimani. Nilikuwa macho, nimekaa mlangoni na kaunta buku ya tatu. Mvua ilipokolea nikasikia komeo la jirani, akatoka mzee wa nyumba ile, kajifunika salfeti, kiroba begani. Tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu anamwamkia mwingine saa ile. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Akashtuka, akasimama, maji yanamtiririka usoni. "Marahaba, baba. Hujalala?"

"Sijalala."

Tukaangaliana. Alingoja kidogo nione kama nina neno jingine. Sikuwa nalo. Akapita, nikasikia kiroba kinaanguka majini, akarudi mikono mitupu bila kugeuka. Mama akaniita kutoka ndani, akaniuliza kama mvua imeshika kasi ya kutosha. Kiroba cha kwetu kilikuwa pale nyuma ya mlango, kimefungwa tayari.